Njia Mpya ya Umma

Neno lile nililichagua mimi, tena kwa makusudi, nikiwa nimeketi mezani kwangu Tororo na kamusi mbili wazi mbele yangu. Watu waliokuwa wakiandaa mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi walikuwa wamenitumia karatasi moja ya Kiingereza niitafsiri kwa Kiswahili ambacho pande zote mbili za mpaka wangekielewa. Ilihusu mpango wa kuanzisha chaneli mpya ya televisheni ya umma kwa kanda yetu, ambayo ingeonekana Uganda na Kenya bila malipo, kwa lugha za watu wa huku. Neno "chaneli" lilinikera. Nimefundisha Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba mtu haazimi jembe kwa jirani ilhali lake limelala uvunguni. Basi nikaliacha neno ambalo kila mtu analijua, nikachukua neno ambalo kila mtu analijua zaidi. Niliandika kwa herufi kubwa: Njia Mpya ya Umma ya Kanda. Chini yake, kwa herufi ndogo, nikaongeza: kwa ajili ya matangazo ya televisheni. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti, nikaridhika nayo.

Nimezaliwa Kiyeyi. Tangu utotoni nimekuwa nikishuka Busia kununua sabuni na sukari pamoja na mama yangu, kwa hiyo sina kisingizio cha kutokukumbuka kwamba katika mji ule wa mpakani neno hilo lina kazi yake. Busia kuna barabara na kuna njia. Barabara ni ile ya lami inayopita kwenye lango kubwa, penye malori, maofisa, mihuri na foleni. Njia ni ile inayopita kati ya nyumba na nyumba, nyuma ya jiko la mtu, juu ya mtaro wa maji machafu, na ukishauruka mtaro umeingia nchi nyingine. Wageni huiita njia ya panya. Wenyeji huiita njia tu, nao hulitamka neno hilo kwa sauti ya chini kidogo. Sasa mtu wa vipaza sauti alikuwa amezunguka mitaani na pikipiki yake siku mbili mfululizo, akizisoma herufi kubwa na kuziacha zile ndogo: njia mpya ya umma, njooni mtoe maoni, njia mpya ya umma.

Hilo la vipaza sauti nililijua baadaye. Asubuhi ya mkutano wa Busia nilijua tu kwamba ukumbi ulikuwa umefurika, na sikuelewa kwa nini. Nilikuwa nimeambiwa nitegemee watu wachache, wengi wao wakiwa walimu na watu wa makanisa. Nilikuta wauza samaki wenye mabeseni, waendesha boda, wakulima waliokuja kutoka upande wa Masafu, na wengine waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo picha ambazo wageni wenye mradi walinuia kutuonyesha ukutani hazikuonyeshwa. Pembeni alisimama mpiga picha wa video akirekodi kila kitu, na watu walikuwa wakimtazama kwa furaha.

Mbele kabisa aliketi mama wa rika langu, kikapu kimefunikwa kitambaa miguuni pake. Nilipopita alinishika mkono.

"Mwalimu, mnamaliza saa ngapi?"

Nikamwambia pengine saa saba.

"Saa saba ni mbali. Mama yangu iko ng'ambo. Upande moja ya mwili imekufa. Nakwenda kumgeuza."

"Kumgeuza?"

"Kwa kitanda. Kama hageuki, mgongo inaoza. Zamani nilikuwa nakwenda mara nne kwa siku, hata ugali inabaki kwa moto nikirudi. Tangu ukuta, nakwenda mara moja tu. Kuzunguka mpaka lango, jua, malori, foleni. Nikifika, mgongo tayari iko na vidonda."

Nilimwuliza kwa nini asimhamishie kwake.

"Alikataa. Anasema mume wake amelala pale, yeye pia atalala pale. Na watoto tuko mimi tu."

Nikampa pole. Sikujua ni ukuta gani anaouzungumzia, wala sikuona ni vipi mtu mwenye mzigo kama huo angeacha kazi yake aje kuzungumzia televisheni. Nilijitafutia maelezo, kama ilivyo desturi yangu ninapokuwa sielewi: pengine mgonjwa hushinda kutwa akitazama televisheni kitandani, na binti yake amekuja kumsemea. Maelezo hayo yalinipendeza, nikayaamini.

Kiongozi wa wageni, mwanamume mpole mwenye miwani, alizungumza Kiingereza, nami nikasimama kando yake kumtafsiria. Kila aliposema "channel", mimi nilisema njia. Nakumbuka mwanzoni nilitaja televisheni mara moja au mbili, lakini viti vilikuwa bado vinaburutwa, na nje lori lilikuwa likirudi nyuma huku likipiga king'ora chake. Waliolisikia neno lenyewe walimtazama mpiga picha na kuitikia kwa kichwa. Kwao televisheni ilikuwa imekuja kuichukua habari ya njia.

Mgeni aliuliza watu wangependa njia hii ifunguliwe saa ngapi.

"Saa kumi na moja alfajiri," akajibu muuza samaki mmoja bila kusimama. "Samaki haingoji jua."

Nikatafsiri. Mgeni akaandika kwamba wavuvi wanahitaji vipindi vya alfajiri. Akauliza ni vitu gani wangependa vipite humo.

"Mukene," wakasema wa upande wetu.

"Omena," wakasema wa ng'ambo, na ukumbi ukacheka, kwa kuwa ni dagaa wale wale.

"Mayai."

"Ng'ombe?" akauliza mtu wa dirishani.

"Ng'ombe wako watatuharibia," akajibiwa.

"Na maiti," akasema mzee mmoja mwenye fimbo, na kicheko kikakoma. "Watu wetu wanafia huku, wanazikwa kule. Maiti nayo ipite kwa heshima, isipite kama mwizi."

Nilipomtafsiria mgeni wangu hilo la mwisho, alivua miwani. Alisema kwamba matangazo ya vifo ni huduma ya kwanza kabisa ambayo chombo cha umma kinapaswa kuwapa watu, na kwamba hakuna aliyewahi kumweleza jambo hilo kwa uzito kama ule. Nikamrudishia mzee maneno hayo: maiti zitapita, tena kwa heshima. Mzee akaketi.

Mwendesha boda mwenye mvi kidevuni, Mkenya kwa lafudhi, akainua mkono. "Madam, si mtuambie ukweli. Hiyo njia ni ya watu wa miguu tu, ama hata sisi watu wa nduthi tuko ndani?"

Nililielewa kama swali la kundi la watu linaloogopa kusahauliwa. Jibu la mgeni lilikuwa kwamba kila kundi lingetengewa nafasi yake. Wenye pikipiki wakapiga makofi.

"Na mvua ikinyesha?"

Swali hili lilimfurahisha fundi wa wageni, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alieleza kuwa mvua kubwa inaweza kukatiza kidogo, lakini wangesimamisha mlingoti mrefu ili kusiwe na tatizo. Nikasema: watasimamisha nguzo ndefu.

"Daraja," nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake. "Wanaweka daraja kwa mtaro."

Nililisikia neno hilo waziwazi na bado sikuelewa chochote. Nilikuwa na daftari langu dogo mkononi, na humo, kwa mwandiko wangu, kuna maneno haya: "Lugha ya picha ya watu wa mpakani. Wanaiona televisheni kama daraja. Kuwaeleza wanafunzi." Daftari hilo ninalo hadi leo.

Lililowainua watu vitini lilikuwa swali la vitambulisho. Mgeni alisema hakuna atakayeulizwa kitambulisho, kwamba ni bure, na kwamba upande huu na upande ule wangekuwa na haki sawa. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga, jambo ambalo sasa naona haya kulisimulia, maana nilikuwa nikiwaza kwamba sijawahi kuona watu wakiipenda televisheni kiasi kile.

Ndipo yule mama wa mbele aliposimama, akijifunga kitenge chake vizuri.

"Mimi naulizia moja tu. Hiyo njia inapita kwa nani? Kwa mashine ya kusaga, ama kwa mzee huyu?" Alionyesha kwa kidevu mwanamume mwenye kofia ya sufu aliyeketi nyuma karibu na mlango. "Maana njia ya zamani ilipita kwake. Halafu alijenga ukuta. Mimi sisemi ubaya, kiwanja ni yake. Nasema tu mama yangu iko nyuma ya ukuta."

Watu wote waligeuka. Mwenye kofia alitazama mikono yake.

"Mzee, umetajwa," mtu akamwambia.

"Alijenga kwa sababu ya kuku," akadakia mwendesha boda. "Walikuwa wanavuka bila pasipoti."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia. Mzee aliinuka, akaiweka sawa kofia yake, akatoka.

Mgeni aliniinamia akaniuliza yule mama amesema nini. Nilifungua kinywa nikakosa Kiingereza. Kiswahili nacho sikuwa nacho. Yale yote niliyoyatafsiri tangu saa nne yalikuwa yakirudi moja baada ya jingine, dagaa, mayai, ng'ombe, maiti, pikipiki, mvua, daraja, na kila moja lilipofika lilivua nguo niliyokuwa nimelivika.

"Ndugu zangu," nikasema hatimaye, "njia mnayoizungumzia ni ipi?"

"Si hii yako, madam?" akajibu mwendesha boda.

Nikawaeleza. Nililazimika kulitumia lile neno nililolikataa mezani kwangu. Ni televisheni, nikasema, ni chaneli.

"Aaa," ukumbi mzima ukavuta pumzi. "Chaneli."

"Sasa si ungesema chaneli?"

"Nyabo, Kiswahili chako ni kizuri," akaniambia yule muuza samaki akijitwika beseni lake, "lakini kimetuchelewesha."

Wengine waliondoka wakicheka, wengine wakiguna. Wachache walibaki na kusema mambo ya maana kuhusu televisheni, ambayo siyakumbuki. Yule mama hakucheka. Alisimama mbele yangu na kikapu chake.

"Kwa hiyo njia hakuna."

"Hakuna, mama. Nisamehe."

"Haya. Ngoja niende kumgeuza." Alipiga hatua mbili akarudi. "Lakini yangu uliandika?"

"Niliandika."

"Usifute."

Alasiri hiyo niliachiwa rundo la fomu za maoni nizipange. Mgeni, ambaye sasa alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi, alisema nihifadhi maoni yanayofaa na kuyaweka kando yasiyofaa, kisha akaniuliza ninadhani ni yapi yanayofaa. Sikujua. Vipindi vya alfajiri vilifaa. Matangazo ya vifo yalifaa kuliko yote, na bado mzee aliyeyaomba alikuwa akiomba kitu kingine kabisa. Haki sawa kwa pande zote mbili ilifaa kiasi kwamba mgeni alitaka iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza. Fomu moja tu ilikataa kukaa popote. Nikaiweka kwenye sehemu ya mengineyo, nikanakili maneno yake: "Mama yangu yuko nyuma ya ukuta." Nilikuwa nimesahihisha bila kufikiri. Nikakata "yuko", nikarudisha "iko" kama alivyosema yeye, na mpaka sasa sijui ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa tendo la heshima.

Wiki iliyofuata nilirudi Busia kumtafuta, kwa kuwa fomu yake haikuwa na saini. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilimkuta kwake akifunika kikapu, na badala ya kunikaribisha ndani alinipa ishara nimfuate. Tulipita kando ya mashine ya kusaga, tukakata kona, tukafika kwenye ukuta wa matofali mabichi, mrefu kunizidi. Katikati yake palikuwa na uwazi wa upana wa mlango. Matofali yalikuwa yametolewa kwa uangalifu, moja moja, yakapangwa pembeni. Kupitia uwazi huo niliona mtaro, ubao juu ya mtaro, na nyumba ya mabati ng'ambo yake, karibu sana hivi kwamba nilisikia mtu akikohoa ndani.

"Alitoboa lini?" nikanong'ona.

"Siku ile ile ya mkutano. Jioni nikaona."

"Alisema nini?"

"Sijamuuliza. Ukimuuliza mtu sababu, anaweza kukuta hana."

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na matofali yake, akichonga mpini wa jembe. Alikuwa na kofia ile ile. Mama alimsalimu, naye akaitikia.

"Ameamka?" mzee akauliza.

"Ameamka, mzee. Anakusalimia."

"Mgeuze polepole."

Mama akapita ukutani. Mimi nilibaki upande wa huku, na mzee akainua macho.

"Wewe ndiye mwalimu wa njia."

"Ndimi, mzee."

"Watu wako wanakuja lini kupima?"

Mama alikuwa amefika kwenye ubao. Alisimama hapo, mguu mmoja Uganda na mwingine sijui wapi, akageuka kunitazama. Nilielewa, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze nilielewa jambo moja kikamilifu: mzee aliondoka ukumbini kabla sijasahihisha. Aliubomoa ukuta wake kwa ajili ya neno langu. Nikimwambia ukweli, matofali yale yangerudi mahali pake kabla ya jua kutua, na mgongo ule ulio upande wa pili ungerudi kugeuzwa mara moja kwa siku. Nisipomwambia, angeendelea kungoja wapimaji ambao hawapo. Nimewafundisha watu wengi kwamba tafsiri ni amana, na pale nilisimama sijui amana yenyewe ni ya nani.

"Mzee," nikasema, "siku ile uliondoka mapema. Ile si njia ya kupita watu. Ni televisheni. Nilikosea neno."

Kisu chake kilisimama kwenye mpini.

"Televisheni."

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo nayo inapita wapi?"

Sikulitegemea swali hilo. "Juu," nikasema. "Hewani."

Aliinua uso, akaitazama mbingu iliyokuwa juu ya ukuta wake, kwanza upande wa kwetu, kisha akaifuata taratibu mpaka upande wa ng'ambo, kama mtu anayekagua paa.

"Juu sina ukuta," akasema, akarudi kwenye mpini wake.

Nilingoja aseme jingine. Mama kule kwenye ubao alingoja pia, halafu akavuka. Baada ya muda mfupi nilisikia kitanda kikilia na sauti ya kizee ikilalamika, na sauti ya binti ikijibu kwa upole. Ilipotulia, niliaga nikaondoka. Nilipokuwa nimefika stendi ndipo nilipogundua kwamba fomu bado iko mkobani, haina saini.

Nimeligeuza jibu lile kila namna. Huenda alikuwa akiiruhusu televisheni ipite. Huenda alinidhihaki. Huenda habari ya chaneli ilikuwa imeshamfikia zamani, Busia ukiwa mji ambao habari haikai chini, na swali lake la wapimaji lilikuwa la kunipima mimi. Au pengine alibomoa kwa sababu ya kile kicheko cha ukumbini, au kwa sababu ya ile sentensi moja ya mama, na wala si kwa ajili ya neno langu. Kila maelezo ninayoyachukua hunipendeza kwa siku mbili, kisha huanza kunibana kama kiatu cha mtu mwingine.

Nimepita pale tena mara kadhaa. Mara ya mwisho, rundo la matofali lilikuwa limekwisha. Mzee ameyajengea banda la kuku, zuri, lenye mlango wa wavu, upande wa huku wa ukuta, na hakubaki na tofali hata moja la kuzibia uwazi. Mama anakwenda mara nne kwa siku, vidonda vinakauka. Chaneli haijaanza. Wenye mradi wanasema maoni bado yanakusanywa, na wamenitumia karatasi nyingine ya Kiingereza kwa ajili ya awamu ya pili. Imelala mezani kwangu kati ya zile kamusi mbili. Neno lile lile ninalopaswa kulitafsiri liko kwenye mstari wa kwanza, na kila asubuhi nalisoma, kisha naliacha hapo hapo.